Maswali na majibu: Antena ya masafa mafupi kwa mpangaji aliyekatazwa kugusa paa

SWALI: Ninapanga ghorofa ya tatu huko Naalya, nje kidogo ya Kampala. Leseni ya redio ya ridhaa ninayo, na redio yangu ni ya wati 100. Madishi ya wapangaji wa zamani yalitoboa mabati, kwa hiyo mkataba sasa unakataza kufunga chochote juu ya paa au ukutani. Nataka kuongea na Nairobi na Dar es Salaam kwa megahezi 14. Nimefikiria kupitisha waya ndani ya kamba ya kuanikia nguo. Itafaa?

JIBU: Kamba ya nguo iache kabisa, ndugu. Waya wa nusu wimbi unaolishwa kwenye ncha hubeba volti nyingi hapohapo kwenye ncha: ukirusha wati 100, volti hukaribia 500. Jirani anayeanika shuka mbichi hajui wewe uko hewani, na mkondo wa masafa ya redio huunguza ngozi kabla mtu hajawahi kuondoa mkono.

Kabla ya kununua chochote, tazama masafa uliyochagua. Kutoka Kampala hadi Nairobi ni kilomita 500 hivi. Mara nyingi mawimbi ya megahezi 14 huruka juu ya umbali huo na kutua mbali zaidi. Dar es Salaam, iliyo zaidi ya kilomita 1000, utaipata. Nairobi utakuwa ukiisikia kwa bahati. Kwa Nairobi unahitaji megahezi 7, zinazopanda karibu wima na kurudi chini. Hapa ndipo hali yako inapogeuka faida, kwa kuwa waya wa chini, mita 6 au 7 kutoka ardhini, hurusha nguvu zake nyingi juu moja kwa moja. Mwenye mnara mrefu hakuzidi kitu kwa safari hiyo.

Kwa hiyo kata waya wa megahezi 7. Gawa 142.6 kwa masafa: kwa 7.1 unapata mita 20.1. Waya huohuo utafanya kazi pia kwenye 14, 21 na 28, maana ni mara mbili, tatu na nne ya masafa ya kwanza. Anza na mita 20.6 ili uwe na cha kupunguza.

Waya wenyewe uwe ule wa shaba wenye vanishi wanaotumia mafundi wa kufunga mota, mtaa wa Katwe jijini hutakosa. Unene wa milimita 0.5 unatosha. Mita 20 zake hazifiki gramu 40, na mtu aliyesimama getini hauoni dhidi ya anga. Ubaya wake ni kwamba hukatika. Karoli, yule korongo mkubwa wa mjini, akiparamia mti uliofungia, kwaheri. Nunua mita 30, zilizobaki weka akiba.

Utoe kwenye kona ya dirisha uende hadi mti ulio ndani ya ua. Mti ukiwa umbali wa mita 14, mita 6 zinazobaki zipinde pembeni au ziteremke, mradi ncha ibaki juu ya mahali ambapo mtoto au mtu mzima anaweza kufikia. Kupinda hakuharibu sana. Kurudisha waya sambamba na wenyewe ndiko kunakoharibu. Mwisho wa waya funga mshipi wa kuvulia wa nailoni, halafu kipande cha mpira wa tyubu kama ule wa kufungia mizigo kwenye boda. Mti ukiyumba, mpira unavutika na waya unapona.

Dirishani panahitajika transfoma ya 49 kwa 1, ya kuoanisha waya na kebo ya koaksia inayotoka kwenye redio. Tumia pete ya feraiti FT240-43. Zungusha waya mara 14, na kwenye mzunguko wa pili kutoka upande wa ardhi toa tawi. Tawi hilo linakwenda kwenye kiini cha kebo, mwanzo wa waya unakwenda kwenye wavu wa kebo, na mwisho wa mzunguko wa 14 unakwenda kwenye antena. Kati ya tawi na ardhi weka kapasita ya pikofaradi 100 inayostahimili volti 1000 au zaidi. Bila hiyo masafa ya juu, hasa 28, yatakusumbua. Usidanganyike na pete ya njano na nyeupe iliyotolewa kwenye pawasaplai ya kompyuta. Inafanana kwa umbo tu. Ni ya unga wa chuma, si feraiti ya aina hii, na nguvu zako zitaishia kuwa joto.

Transfoma ikae ndani ya kisanduku cha plastiki, na waya upite kwenye kipande cha paipu ya plastiki ya kupitishia nyaya ili ukae angalau sentimita 10 mbali na vyuma vya dirisha. Vyuma hivyo ndivyo vinavyowaangusha wengi: waya ukivigusa au ukivikaribia, vipimo vyote vinahama, na usiku wa umande vinahama tena. Kwenye upande wa ardhi wa transfoma unganisha waya mwingine wa mita 2, uulaze chini kando ya ukuta.

Kupima, tumia NanoVNA (kifaa kidogo cha kupimia antena) au, kwa wati 5, mita ya SWR, yaani kipimo cha jinsi antena inavyooana na redio. Masafa ambapo SWR ni ndogo kabisa yakiwa chini ya 7.1, punguza waya. Kila sentimita 10 hupandisha masafa kama kilohezi 35 kwenye 7, na kama 70 kwenye 14. Usikate, kunja ncha na kuisokota, kwa sababu ukuta na matawi huenda vikakulazimisha kurefusha tena.

Sasa lile ambalo hukuliuliza. Antena ya namna hii haifichuliwi na macho ya askari wa getini. Hufichuliwa na spika ya jirani inayokoroma kila unapofungua mdomo. Kebo ya koaksia ikiachwa hivihivi inakuwa sehemu ya antena, na inarusha ndani ya jengo. Mara tu baada ya transfoma zungusha kebo ya RG-58 mara 11 kwenye pete FT240-31. Pete hiyo pia inapunguza kelele zinazoingia kutoka kwenye taa za LED na inveta za sola. Kisha usirushe wati 100. Wati 20 kwa sauti zinatosha kwa Nairobi, na kwa FT8, yaani ujumbe mfupi wa kidijitali unaotumwa kwa kompyuta, hata 10. FT8 hurusha mfululizo kwa karibu sekunde 13, kwa hiyo pete hupata moto. Iguse baada ya kumaliza kurusha, ikikuchoma punguza nguvu.

Kuhusu radi, usitegemee kifaa chochote. Pembezoni mwa Ziwa Victoria radi ni nyingi mno, na ghorofa ya tatu huna fimbo ya ardhi iliyo karibu. Kila unapomaliza, chomoa kebo kwenye redio na ncha yake itoe nje ya dirisha. Fanya hivyo hata anga likiwa jeupe, maana wingu la jioni halikusubiri urudi kutoka kazini.

Na mwenye nyumba? Leseni ya UCC, Tume ya Mawasiliano ya Uganda, inakuruhusu kurusha, haikupi ukuta wake. Mwonyeshe kipande cha waya huo mkononi, mweleze kwamba hakuna tundu litakalotobolewa, na umwombe kibali kwa maandishi. Anachoogopa ni mabati yake kuvuja.