Kwangu kijani, kwa mteja chekundu

SWALI: Shikamoo anko. Natengeneza tovuti ya duka la vitenge, Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Natumia WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, na plagini (programu ndogo ya kuongezea) ya kupangia kurasa. Kwangu kitufe cha "Agiza" ni kijani, kiko kulia. Mwenye duka akifungua kwenye simu anaona kile cha zamani, chekundu, katikati. Nimekifuta na kukirudisha mpaka basi. Tena tangu nisasishe plagini zote juzi, kihariri hakifunguki, kinazunguka tu. Kazi inatakiwa Ijumaa! – Binti wa Sinza

JIBU: Marahaba mwanangu. Kitufe kiache, hakina kosa. Una matatizo mawili, umeyachanganya.

La rangi ni la kashe, yaani nakala za kurasa zinazohifadhiwa ili tovuti ifunguke haraka. Wewe umeingia kama msimamizi, kwa kawaida unapewa ukurasa mpya. Mgeni anapewa kiporo. Kazi usiipime ukiwa umeingia. Fungua dirisha la faragha, kisha mwisho wa anwani ongeza ?x=1. Kikitokea kijani, ni kashe. Anza kufuta mafaili ya mitindo (yanayobeba rangi na mpangilio) ya hiyo plagini ya kurasa, kisha kashe ya tovuti, halafu ya seva kama ipo. Ukianza na kashe, mtindo wa zamani unaweza kujihifadhi upya.

Kuganda ni habari nyingine. Kihariri kikiwa kinazunguka, bonyeza F12 kwenye kompyuta, nenda sehemu ya Console, tafuta mistari myekundu. Ukiona /wp-content/plugins/, jina linalofuata ndiyo plagini ya kuanza kuishuku. Usipoona kitu, tengeneza nakala ya tovuti (si ile inayopokea oda!), zima nusu ya plagini, jaribu, kisha igawe tena ile nusu yenye tatizo. Plagini 16 zinakwisha kwa raundi nne. Ukiipata, rudisha toleo lake la zamani. Zile za bure, matoleo ya nyuma yapo kwenye ukurasa wake wa WordPress.org. Waandikie walioitengeneza, uwatajie matoleo na huo mstari mwekundu. "Haifanyi kazi" peke yake haiwasaidii. Ila majibu yao usiyasubiri, Ijumaa haiwangoji.

Kusasisha plagini zote kwa mpigo wiki ya kukabidhi kazi, hapana jamani.

Halafu angalia barua pepe ya msimamizi ni ya nani. Tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019, tovuti ikianguka kabisa WordPress hutuma huko kiungo cha kuingilia kuiokoa. Isije ikawa ya fundi wa kwanza, aliyeshakosana na mwenye duka.