Raspberry Pi 3 haisikii GPS: poti ya siriali iko wapi?

Swali: Habari fundi. Nimeunganisha GPS aina ya NEO-6M na Raspberry Pi 3, nataka kuifunga kwenye bajaji. Nimefuata somo lililoandikwa kwa Raspberry Pi 2: nasoma poti ya siriali (njia ya kupitisha data biti moja moja) /dev/ttyAMA0 kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde. Taa ya GPS inamweka, lakini kwenye skrini hakuna kitu. Nimeuziwa kibovu?

Jibu: Nzuri, ndugu. GPS yako ni nzima. Taa ikianza kumweka, kwa kawaida imeshanasa setilaiti. Tatizo ni kwamba unabisha mlango wa jirani.

Pi 2 haikuwa na Bluetooth ndani yake. Pi 3, iliyotoka 2016, ikaja nayo, na ile poti nzuri, ttyAMA0, ikapewa Bluetooth. Pini za nje zikaachiwa poti ndogo, ttyS0, ambayo huja imezimwa. Somo lako halisemi uongo, limepitwa tu na bodi.

Andika `sudo raspi-config`, ingia Interface Options, halafu Serial Port. Utaulizwa maswali mawili, na hapa wengi huteleza kwa kubonyeza Yes yote mawili. La kwanza linauliza kama unataka kuingia kwenye mfumo kupitia siriali: jibu No. Ukikubali, Linux itaigeuza poti kuwa konsoli yake, yaani sehemu ya kupokea amri na kutoa ujumbe, itaimwagia GPS ujumbe wa kuwaka na kumeza herufi zinazotoka kwake. La pili linauliza kama poti yenyewe iwashwe: jibu Yes. Kisha washa bodi upya.

Jibu hilo la pili huandika `enable_uart=1` kwenye config.txt, faili la mipangilio ya bodi. Poti ndogo hufuata saa ya kiini cha bodi; saa ikipanda na kushuka, kasi ya poti huyumba na unasoma takataka. Mstari huo unaifunga saa kwenye MHz 250. Kwa 9600 inatosha kabisa, hakuna haja ya kuizima Bluetooth kama wengine wanavyoshauri.

Kuanzia sasa fungua /dev/serial0, si ttyAMA0. Kwenye Pi 3 yako, jina hilo hufuata poti iliyoko kwenye pini. Ukinyimwa ruhusa, jiingize kwenye dialout, kundi la watumiaji wanaoruhusiwa kutumia poti za siriali, utoke na kuingia tena.

Kagua na waya. Kwenye safu ya ukingoni, pini 2 na 4 ni volti 5, 6 ni ardhi, 8 hutuma, 10 hupokea. TX (ya kutuma) ya GPS iende pini 10, RX (ya kupokea) iende 8. Pini 8 na 10 ni za volti 3.3, mimi nilishaua bodi kwa kusogeza waya wa volti 5 vibaya, na haikutoa hata moshi wa kunionya.

Bado kimya? Chomoa GPS, unganisha pini 8 na 10 kwa waya mmoja, fungua programu ya kuongea na poti, `minicom -b 9600 -o -D /dev/serial0`, uandike chochote. Herufi zikirudi, na ukitoa waya zisirudi, poti ni nzima. Rudi kwenye waya za GPS.

Ikikubali utaona mistari inayoanza na $GPRMC. Baada ya saa hufuata herufi moja: V maana yake bado haijajua ilipo, A imeshajua. Ukiona V ndani ya nyumba, toka nayo nje uwanjani.