Klachi na flaiwili ya Td5: ubadilishe nini, uache nini

Ndugu wa Njoro ameuliza hivi: Land Rover Discovery 2 yake yenye injini ya dizeli ya Td5 inateleza klachi ikipanda Mau Summit na mzigo wa viazi, na kila akizima injini anasikia vyuma vikigongana kule nyuma. Fundi wa kwanza amemwambia abadilishe klachi peke yake. Wa pili anasema aitupe flaiwili iliyopo, lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini ambalo klachi hulishika, na kufunga ile ngumu ya kipande kimoja. Anataka kujua amsikilize nani.

Mimi nina Defender 110 yenye injini hiyo hiyo, inabeba maziwa na chakula cha ng'ombe kati ya Molo na Nakuru mjini. Kabla yake nilikuwa na Land Rover yenye injini ya 300Tdi, iliyoitangulia Td5. Zote nimeshusha giaboksi nikiwa chini ya gari pamoja na fundi, kwa hiyo haya si ya kusimuliwa.

Kabla ya kufungua pochi, hakikisha tatizo ni klachi kweli. Tafuta mahali pana mwinuko kidogo, uingize gia ya nne ukiwa mwendo wa polepole, kisha ukanyage mafuta hadi chini. Injini ikipandisha mngurumo na gari lisiongeze mwendo, klachi inateleza, hakuna la kubishana. Lakini kama shida ni gia kuingia kwa nguvu, rivasi kukwaruza, au pedali kubaki sakafuni, hiyo ni habari nyingine. Angalia masta na slevu kwanza, zile silinda mbili za fluidi: masta iko kwenye pedali, slevu inasukuma klachi. Kwenye giaboksi hii ya R380, slevu imefungwa nje, ubavuni mwa nyumba ya klachi, kwa bolti mbili. Inabadilishwa bila kushusha chochote, unatia fluidi ya DOT 4, unatoa hewa, unaondoka. Namjua jirani aliyelipia giaboksi ishushwe wakati kilichokuwa kikivuja ni slevu. Alirudishiwa gari na klachi mpya, na pedali bado iko sakafuni.

Halafu lala chini ya gari na tochi. Chini kabisa ya nyumba ya klachi Land Rover waliacha tundu dogo, ambalo huzibwa kwa plagi mtu akitaka kuvuka maji. Ingiza kidole. Kukiwa kukavu, na vumbi jeusi tu, ni vizuri. Ukipata oili nyeusi, sili ya nyuma ya krankshafti inavuja. Ukipata oili nyembamba na safi kuliko hiyo, inatoka giaboksi, maana R380 haitumii oili nzito ya gia bali MTF 94. Klachi iliyolowa oili itateleza hata kama ina nyama ya kutosha, na mpya utakayoiweka juu ya sili mbovu itakufa vivyo hivyo.

Sasa flaiwili, ambayo ndiyo swali lenyewe.

Td5 ilitoka kiwandani na flaiwili ya vipande viwili, ile ambayo dukani utaisikia ikiitwa DMF. Kipande kimoja kimefungwa kwenye krankshafti, kingine ndicho klachi inachokishika, na katikati yao kuna springi na grisi. Kazi ya springi hizo ni kumeza mitikisiko ya dizeli isifike kwenye gia. 300Tdi haikuwa nayo, wala zile Peugeot 504 zilizokuwa zikibeba abiria Kisumu na Nakuru kwenda Nairobi miaka ile. Hizo flaiwili ni bonge moja la chuma. Ikichakaa unaipeleka ikakwanguliwe uso hadi uwe laini, inarudi kazini.

Ya vipande viwili haikwanguliwi hivyo. Kinachochakaa zaidi ni springi za ndani, wala huwezi kuzifikia. Ndiyo maana ule mlio wa injini kuzimwa unanitia wasiwasi kuliko kuteleza kwenyewe. Giaboksi ikishashushwa, shika kipande cha nje kwa mikono miwili ukizungushe kushoto na kulia. Kitacheza kidogo na springi zitakirudisha, hivyo ndivyo kilivyoundwa. Kikizunguka kwa ulegevu bila springi kushika, au ukikisukuma kikainama upande kama kofia iliyolegea, au ukiona grisi imerushwa pembeni, basi imekwisha. Kila mtengenezaji ana kipimo chake cha mchezo unaoruhusiwa, na fundi mwenye kitabu cha Td5 atakipata. Asiye na kitabu asikuambie "hii bado" kwa kutazama tu.

Kwa hiyo fundi wa kwanza, wa klachi peke yake, angekuwa sahihi kama flaiwili ingekuwa kimya. Kwa dalili ulizozitaja, mimi nisingefunga klachi mpya juu yake. Kazi kubwa na ya pesa hapa ni kushusha R380 pamoja na transfa boksi ya LT230, ile inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Ni mzigo mzito, na kwenye Discovery lazima utoe chuma cha chini kinachokatiza fremu ndipo upate nafasi. Hutaki kulipia hiyo mara mbili.

Fundi wa pili ana hoja. Flaiwili ngumu ya Td5 ipo, inauzwa pamoja na klachi yake, na kwenye gari la shamba ni chaguo ambalo ningelifanya tena. Ndiyo niliyoifunga kwenye 110. Haina springi za kuchoka, inavumilia kuvuta trela kwenye matope ya Elburgon, na siku uso wake ukichakaa itakwanguliwa hapa hapa mjini. Ila usidanganywe kwamba hutasikia tofauti. Gari likisimama kwenye gia huru na klachi imeachiliwa, giaboksi inalialia kama kopo lenye misumari. Ukikanyaga pedali linanyamaza. Ukiendesha kwa mngurumo wa chini sana kwenye gia ya juu, utauhisi mtikisiko hadi kwenye stiki. Dereva wangu hajali. Mke wangu aliendesha siku moja akauliza kama gari limeharibika.

Yako ni Discovery, na umeandika kwamba siku za wiki inapeleka watoto shule, viazi ni vya wikendi. Kwa gari la namna hiyo ningeweka DMF nyingine mpya, yenye jina la kampuni inayojulikana kutengeneza klachi. Ni ghali, flaiwili peke yake yaweza kuzidi bei ya klachi kamili, najua. Lakini ndani ya gari kutabaki kimya, na giaboksi yenye umri huo haihitaji kupigwa na mitikisiko mipya. Kama siku zote ingekuwa inabeba magunia, ningekuambia kinyume chake.

DMF ya mtumba usinunue, hata ikiwa imeng'aa. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo Td5 yoyote inayochinjwa kwa ajili ya spea leo ni mzee mwenzako, na springi zake zimezeeka pamoja naye.

Jambo ambalo mafundi wengi hulipita haraka: pleti ya klachi, ile sahani inayobanwa kwenye flaiwili, inaenda na flaiwili yake. Mara nyingi pleti iliyoundwa kwa DMF haina springi katikati, au ina chache, kwa sababu kazi hiyo inafanywa na flaiwili. Ukiichukua pleti ngumu kabisa ukaifunga kwenye flaiwili ngumu, hakuna kilichobaki cha kumeza mitikisiko. Nunua seti moja, kwa muuzaji mmoja, naye akuandikie kwenye risiti kwamba vinaendana. Kabla ya kufunga, chukua pleti mpya uivishe kwenye shafti ya giaboksi. Iteleze bila kulazimishwa na isiyumbe. Feki nyingi hujulikana hapo hapo.

Kwa wenzetu wenye 300Tdi na magari mengine ya flaiwili ngumu, mnaokwangua: uso wa flaiwili ukisagwa vizuri kwa jiwe ni bora kuliko kukatwa kwa kisu cha mashine ya kukereza, kwa sababu yale madoa ya buluu yaliyoungua huwa magumu, kisu huyaruka na kuacha vinundu. Nyufa nyembamba kama nywele zinaweza kuondoka na kusagwa. Nyufa za kina, tupa. Na kama flaiwili yako ina ngazi, yaani mahali presha pleti (kifuniko chenye springi kinachobana pleti ya klachi) inapofungwa pako juu au chini ya uso wa klachi, waambie wapunguze pande zote mbili kiasi kile kile. Wakipunguza upande mmoja tu, presha haitashika ilivyokusudiwa, na utailaumu klachi bure.

Wakati kumefunguliwa, badilisha sili ya nyuma ya krankshafti hata kama haivuji. Baadhi ya sili hizi huja na kigamba cha plastiki cha kuiongoza na huingizwa kavu, kwa hiyo fundi asome karatasi iliyo kwenye boksi kabla ya kupaka oili kwa mazoea. Badilisha rilizi beringi, ile inayosukuma klachi ukikanyaga pedali, na bushi ndogo ya shaba inayoshika ncha ya shafti. Bushi ya zamani ikikataa kutoka, jaza tundu grisi, ingiza chuma kinachokaa sawasawa, piga nyundo. Grisi itaisukuma nje. Ile mpya iloweke kwenye oili ya injini kwanza. Bolti za flaiwili nunua mpya, na zikazwe kwa spana ya torki, si kwa mkono wa turnboi.

Na uma wa klachi, ule mkono unaosukuma rilizi beringi! Uma wa R380 una ugonjwa unaojulikana: kile kijiti chenye kichwa cha mviringo unachoegemea hutoboa chuma taratibu, halafu siku moja pedali inakuwa nyepesi na gari haliingii gia. Mimi nilimpa fundi wa kuchomelea akabandika kipande cha chuma nyuma ya mahali hapo kabla hatujaurudisha. Kuna za kununua zilizoimarishwa pia.

Ukishatoka gereji, endesha kwa upole kilomita 500 hivi, bila trela. Na huko Njoro, ukianza kuondoka mlimani na magunia, sogeza ile stiki fupi kwenye L, yaani gia za chini za nguvu, badala ya H ya kawaida. Land Rover hizi huvuta magurudumu yote muda wote na zina difu ya katikati, kwa hiyo L hailetei shida hata kwenye lami mradi hujafunga difu loki, ile inayoifunga difu hiyo ya katikati. Nadhani klachi yako ya kwanza iliungua kwa kuondoka na H kwenye mwinuko ule wa kutoka shambani. Tuma picha ya flaiwili mkishaifungua, tuone madoa yamekaaje kabla hujalipa.