Maswali ya Karakana: Milingi ya Mezani Kuongozwa na Kompyuta

SWALI: Mimi ni fundi wa kuchonga vipuri mjini Mwanza. Nina mashine ndogo ya milingi ya mezani (ya kuchonga chuma kwa kifaa kinachozunguka), aina ya X2 kutoka China, ambayo hadi leo naiendesha kwa mikono. Muuzaji mmoja ameniambia kwamba nikinunua mota tatu, draiva zake (vifaa vinavyozipa mota umeme wa kila hatua) na ubao wa kuziongoza, mashine itaongozwa na kompyuta bila kazi nyingine. Je, ni kweli? Na nitaweza kuendelea kuitumia kwa mikono?

JIBU: Ndugu msomaji, vifaa ulivyotajiwa ni vya lazima, lakini havitoshi, na tunakusihi usitoe hata shilingi moja kabla hujaipima mashine yenyewe. Mashine iliyolegea itabaki imelegea hata ikifungwa mota za bei kubwa.

Funga geji ya mshale (kifaa cha kupimia mwendo mdogo sana) kwenye kichwa cha mashine, ncha yake iguse ubavu wa meza, kisha zungusha gurudumu la mkono mpaka mshale uanze kusogea. Sasa lirudishe taratibu upande wa pili huku ukihesabu mistari iliyochorwa juu yake. Mwendo wote unaopita kabla mshale haujaanza kurudi ndio plei, yaani ulegevu, ya skrubu inayosogeza meza. Fundi anayetumia mikono huishi na plei bila taabu, kwa kuwa amezoea kumalizia kila kipimo akitokea upande ule ule. Kompyuta hutuma hatua ilizoamriwa, na haioni kama meza imesogea au la.

Tuseme umepata plei ya milimita 0.3. Mota ya kawaida ya hatua hupiga hatua 200 kwa mzunguko mmoja, na draiva ikizigawanya mara 8 zinakuwa 1,600. Kwa skrubu inayosogeza meza milimita 5 kwa mzunguko, kila milimita hupata hatua 320. Maana yake ni kwamba kila mara meza inapogeuza mwelekeo, hatua 96 hupita mota ikizunguka huku meza imesimama. Chonga tundu la beringi kwa mashine ya namna hiyo, nawe utaona kasoro nne kwenye ukuta wa tundu, pale hasa ambapo mhimili (mwelekeo wa mwendo wa mashine) mmoja au mwingine uligeuza mwendo.

Kwa hiyo anzia kwenye vipande vya kubana reli: vitoe, visafishe, vitie mafuta, uvikaze mpaka meza isitikisike lakini iteleze bila kukwama. Kisha kagua beringi za mwisho wa skrubu, kwa sababu skrubu ikicheza mbele na nyuma ndani ya beringi, hata nati mpya haitakusaidia. Baada ya hapo ndipo ufikirie skrubu za gololi, ambazo nati yake hutembea juu ya gololi. Zile za kipenyo cha milimita 16 ndizo wengi huzitumia kwenye mashine za ukubwa huu, ingawa huenda ukalazimika kuchimba chuma kidogo chini ya meza ili nati ipate nafasi. Programu kama Mach3, au LinuxCNC ambayo ni ya bure, zinaweza kufidia plei kwa hesabu, lakini hesabu haimzuii mkataji (kifaa chenye meno kinachokata chuma) kuivuta meza ghafla ndani ya pengo hilo.

Kuhusu mikono, ukichagua mota yenye shafti pande zote mbili unaweza kuacha magurudumu yake. Kumbuka tu kwamba skrubu ya gololi haijizuii yenyewe kama ile ya zamani: mota zikikosa umeme, kichwa kinaweza kushuka kwa uzito wake na kuvunja mkataji au kuumiza mkono, basi kiwekee uzito wa kukisawazisha au breki.

SWALI: Msomaji mwingine, wa Morogoro, ambaye tayari amebadilisha yake, anauliza kama inatosha kuiwekea kompyuta betri ya akiba, kwa sababu umeme wa kwao hukatika mara kwa mara.

JIBU: Haitoshi, na pengine ni hatari zaidi. Kompyuta itaendelea kutuma hatua kwa mota zilizokufa, na umeme ukirudi mota zitaanza kutembea kutoka mahali pasipojulikana, huku mkataji akiwa bado ndani ya chuma. Pitisha umeme wa mota za mihimili na ule wa mota ya kuzungusha mkataji kwenye kontakta moja (swichi inayoendeshwa kwa umeme), inayoachia umeme unapokatika na isiyojishika tena mpaka mtu abonyeze kitufe; kitufe cha dharura nacho kiikate kontakta hiyo hiyo, na mguso wake mmoja uiarifu programu isimame. Ukifunga pia swichi za mwanzo (za kuonyesha mahali pa kuanzia) kwenye kila mhimili, utamwinua mkataji kwa mkono, mashine itatafuta sifuri yake upya, na kipuri kilichobaki kimebanwa kwenye vaisi utaweza kukimalizia.