Kabla hujaenda kutesti kwa trafiki, ikague gari kwanza

Wadogo zangu wa Mtwara na Lindi mnaojiandaa na testi ya udereva, kuna kitu nakiona kila nikimsindikiza mtu: anakomaa na alama za barabarani, anakomaa na kurudi rivasi, halafu gari ya kutestia anaiona asubuhi hiyohiyo, kaazima kwa shemeji, hajui hata klachi inashikia wapi. Jamani, gari ikagueni siku moja kabla, mchana kweupe, maduka ya spea yakiwa wazi na fundi anapatikana.

Anza na breki na usiwe na haraka kabisa. Zima injini, pampu pedo mara kadhaa mpaka iwe ngumu, ikandamize hivyohivyo kisha washa gari, inatakiwa ishuke kidogo yenyewe, isiposhuka ujue busta, kile kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu wako kwenye breki, haisaidii. Na ukiikanyaga ukatulia, ikawa inazama taratibu kwenda chini, hiyo gari usiitoe nje, kuna sehemu inavuja au masta, yaani pampu kuu ya breki, imechoka. Halafu mafuta ya breki yananyonya unyevu, na sisi watu wa pwani unyevu tunao mwaka mzima, kwahiyo yakishakuwa meusi mwambie fundi ayamwage yote aweke mapya, asiongezee juu. Yakiwa na maji yanachemka mapema breki zikipata moto, pedo inalegea, sasa fikiria ndo unashuka toka Newala kwenda Masasi.

Gari inayolala karibu na bahari, labda Shangani au Mikindani, chumvi inaila kimyakimya. Fungua boneti uangalie vichwa vya betri kama vimeota ule unga mweupe, maana ndo unakuta stata inagoma afande keshakaa pembeni yako. Na fundi aingie chini aangalie mabomba ya breki kama yana kutu.

Tairi msidanganyike na meno. Za mtumba unakuta meno yapo vizuri tu ila mpira umezeeka, soma pembeni zile namba 4 za mwisho baada ya herufi DOT, ikiwa 2315 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 mwaka 2015. Hiyo mi siipandi. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo, tairi ikilika mpaka ikalingana navyo imebaki milimita 1.6, badilisha.

Taa za breki watu wengi wanazisahau kwa sababu dereva hazioni. Jioni rudisha gari karibu na ukuta, kanyaga breki, angalia wekundu ukutani pande zote mbili. Binti wa jirani yetu aliambiwa akatengeneze kwanza kisa balbu moja, balbu ya bei ndogo tu, akarudi kafanya testi mikono inatetemeka, na yule anajua kuendesha vizuri kabisa, iliniuma sana.

Honi, waipa, indiketa, mikanda, dakika chache tu. Triengo na mtungi wa kuzimia moto viwe ndani ya gari, herufi L mbele na nyuma, bima usome tarehe kwa macho yako usimwamini mwenye gari. Halafu ukimaliza yote izungushe mtaani na mwalimu wako pembeni, upande nayo kilima, usimame katikati, uondoke bila kurudi nyuma, mpaka mguu uizoee klachi yake.