Gatanga Ilikwenda Wapi? Neno kwa Wanaopanga Takwimu za Sensa

Juzi jioni nikiwa kwenye matatu ya Githurai niliingiwa na ujumbe kutoka kwa msichana anayesomea uzamili hapa Nairobi. Aliandika hivi: "Dada, nimepata mafaili ya sensa ya 1999 na ya 2009. Nataka kuandika juu ya ajira upande wa Mlima Kenya. Mafaili yako kumi na saba, yote kwenye folda moja, na sijui nianzie wapi. Nisaidie tafadhali."

Nilimwambia nitamjibu nikifika nyumbani. Nilipofika, stima zilikuwa zimepotea mtaa mzima, nikawasha mshumaa nikaanza kuandika kwa simu. Saa sita ya usiku ilinikuta bado naandika. Kilichokuwa jibu la mtu mmoja kimekuwa makala, kwa sababu najua yeye si wa pekee. Wako wengi mnaosoma hapa wenye hamu kama yangu: kufika siku moja ambapo kaunti itapanga bajeti ya vijana wake kwa kutazama jedwali ulilolitengeneza wewe, na jedwali hilo liwe la kweli. Basi soma, mdogo wangu, na usome polepole.

Watu wengi huijua sensa kwa jumla yake. Mwaka 2009 tulikuwa 38,610,097. Mwaka 2019 tulikuwa 47,564,296. Jumla hizo hutangazwa, huandikwa magazetini, wanasiasa hugombana, basi. Lakini nyuma ya jumla kuna mistari, na kila mstari ni mtu: umri wake, jinsia, elimu, alizaliwa wapi, na alikuwa akifanya nini zile siku saba kabla ya usiku wa sensa. Mtafiti wa soko la ajira hutafuta mistari hiyo. Utafiti wa kaya wa kawaida huchukua sampuli ndogo, na ukitaka kushuka nao hadi wilaya moja au tarafa moja, watu wanakuishia mkononi. Sensa haikuishii. Ndiyo maana naipenda, na ndiyo maana iliniumiza.

Miaka kadhaa iliyopita niliajiriwa kama msaidizi katika mradi wa utafiti hapa jijini. Mradi wenyewe siutaji. Kazi yangu ilikuwa kuchukua rekodi za 1999 na za 2009, kuziweka pamoja, na kuonyesha jinsi ajira ilivyobadilika kaunti kwa kaunti. Nilikuwa kijana, nilikuwa hodari wa programu, na nilijiamini. Ugumu ni kwamba kaunti hazikuwepo katika sensa hizo. Sensa ya 1989 ilihesabiwa kwa wilaya 41. Ilipofika 1999 wilaya zilikuwa zimepita 60, na 2009 zilikuwa zaidi ya 150. Kaunti 47 zililetwa na Katiba ya 2010, zikafuata mipaka ya wilaya za sheria ya 1992. Kwa hiyo ukitaka kaunti ndani ya sensa ya 1999, sharti urudishe wilaya changa kwa mama zao. Mwingi irudi Kitui. Mbeere irudi Embu. Malindi irudi Kilifi. Nyingi hurudi bila taabu, na hapo ndipo unapolewa kwa urahisi wa kazi.

Nilipofika Thika niliandika mstari mmoja: Thika ni Kiambu. Nani asiyejua kwamba Thika ni Kiambu? Ilikuwa yapata saa mbili usiku, ofisi imebaki mimi na askari wa lango, na bosi alikuwa amepiga simu mara mbili akitaka jedwali. Nikaandika, nikaendelea na wilaya inayofuata. Sikuweka maelezo yoyote.

Sasa sikiliza. Wilaya ya Thika ya 1999 ilikuwa na tarafa ya Gatanga ndani yake. Gatanga ilikuwa ya Murang'a zamani, ikahamishiwa Thika wilaya hiyo ilipoundwa, na kaunti zilipokuja ikarudi Murang'a. Mimi kwa mstari wangu mmoja niliwapeleka watu wote wa Gatanga Kiambu kwa mwaka 1999. Katika data za 2009 Gatanga ilikuwa imesimama peke yake, na nikaiweka Murang'a inavyostahili. Matokeo yake jedwali likasema Murang'a imepata ongezeko kubwa la wenye ajira katika miaka kumi. Tukalifurahia. Tukaliwekea na grafu, na aya nzima ya maelezo kuhusu matunda na kahawa.

Siku ya kuwasilisha matokeo tulikuwa katika ukumbi wa hoteli, watu kama sitini. Mzee mmoja aliyetoka kaunti ya Murang'a alinyoosha mkono. Alikuwa ameshika nakala ya jedwali, ameikunja mara mbili, na kidole gumba kimekaa juu ya safu ya 1999. Akauliza kwa upole kabisa: "Hawa watu wapya mmewatoa wapi? Na Gatanga mwaka 1999 mliiweka wapi?" Bosi akanigeukia. Mimi nikafungua kompyuta mbele ya watu wote na sikuweza kujibu. Si kwamba nilijua nikaficha. Sikukumbuka. Folda yangu ilikuwa na mafaili yenye majina kama "mpya", "mpya_ya_bosi" na "tumia_hii", na mimi mwenyewe sikujua ni lipi lililozaa jedwali lile. Bosi akasema kwenye kipaza sauti kwamba msaidizi alifanya makosa. Alisema kweli. Lakini jedwali lile alilipitisha yeye, na yeye ndiye aliyenikataza kupoteza muda "kuandika hadithi" kando ya programu. Ripoti ilipotoka na jedwali lililosahihishwa, jina langu halikuwemo hata kwenye shukrani, na mkataba haukuongezwa. Miaka imepita, bado nikipita karibu na hoteli ile hugeuza uso.

Ilinichukua siku tisa kulipata kosa. Siku tisa kutafuta mstari ulioandikwa kwa sekunde kumi. Hesabu hiyo ikae kichwani mwako.

Nilichofanya baadaye ndicho ninachokuomba ufanye, na ni kitu kimoja tu. Andika uamuzi saa ileile unapouamua. Si kesho, si mradi ukiisha. Mimi nina daftari, la karatasi, jalada gumu, na pembeni faili la maandishi linaloishi ndani ya folda ya kazi. Kila uamuzi una tarehe, nilichokikuta, nilichokichagua, nilichokikataa na sababu. Ukurasa wa Thika unasomeka hivi: "Wilaya ya Thika 1999: tarafa ya Gatanga imepelekwa Murang'a, tarafa nyingine zimekaguliwa moja moja kwa mipaka ya kaunti. Inahitaji safuwima ya tarafa. Faili likiwa halina tarafa, usigawe kwa kukisia. Unganisha Kiambu na Murang'a ziwe eneo moja kwa miaka yote." Maneno machache tu. Yangekuwepo siku ile, ningemjibu mzee yule nikiwa nimesimama wima.

Kuhusu folda, tenga tatu. Moja ya mafaili ghafi, ambayo unaifunga iwe ya kusomwa tu, usiguse hata herufi. Moja ya kazi. Moja ya matokeo. Kila jedwali katika matokeo litajwe pamoja na programu iliyolizaa. Kitabu cha misimbo na dodoso la kila sensa vikae pamoja na data, kwa sababu namba 1 ya mwaka 1999 si lazima iwe na maana ya namba 1 ya 2009. Hayo yanatosha, mengine utajifunza kwa kufanya.

Lakini uzito, yaani idadi ya watu ambao kila mstari wa sampuli unawawakilisha, siwezi kuupita haraka. Sampuli ya 1999 inayotolewa kupitia IPUMS, ule mradi wa Chuo Kikuu cha Minnesota unaohifadhi rekodi za sensa za nchi nyingi, ni ya asilimia 5. Ya 2009 ni ya asilimia 10. Maana yake mtu mmoja wa 1999 amebeba watu wapatao 20 mgongoni, na wa 2009 amebeba 10. Ukizibandika pamoja na kuzihesabu bila uzito, unaidhulumu 1999. Nimeona tasnifu iliyofanya hivyo ikapita. Moyo uliniuma, kwa kuwa mwanafunzi yule alikuwa na bidii na hakuna aliyemwambia. Basi andika uzito katika daftari. Andika umeutoa wapi na umeutumiaje.

Na jambo la siku saba. Hili ni la mamangu. Sensa ya 1999, ya 2009 na ya 2019 zote zilifanyika usiku wa kuamkia Agosti 25, na swali la kazi huuliza mtu alikuwa akifanya nini hasa katika siku saba zilizotangulia. Agosti shule zimefungwa. Mtoto wa sekondari aliyekuwa akichuma chai na wazazi wake wiki ile, karani akiandika alichosikia, anaweza kuingia kama mfanyakazi wa shamba la familia. Mamangu, ambaye huamka saa kumi kukaanga mandazi ya kuuza stendi, kisha analima, kisha anapika, mwaka 2009 nilikuwa nimeketi naye karani alipofika. Akaulizwa anafanya kazi gani. Akasema, "Mimi niko tu hapa nyumbani." Karani akaweka alama. Beseni la mandazi lilikuwa pale pale kati yao, limefunikwa kwa kitambaa cha bluu. Sikusema neno, nilikuwa sijui bado maana ya alama ile. Leo kila ninapofungua safuwima ya shughuli na kukuta wanawake wengi wamewekwa chini ya kazi za nyumbani, naliona beseni lile.

Huwezi kurudi kubadilisha alama. Unachoweza ni kuandika. Andika swali liliulizwaje. Andika umeanzia umri gani, kwa maana swali huulizwa kuanzia watoto wa miaka mitano, ilhali nguvukazi wewe utaitaka kuanzia 15. Andika waliolima chakula chao wenyewe umewaweka upande gani. Hilo lina uzito kuliko watu wanavyodhani: mwaka 2013 mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi, ulioitishwa na ILO, Shirika la Kazi Duniani, ulibadilisha maana ya ajira ikawa kazi ya kupata malipo au faida. Anayelima ili ale na wanawe anafanya kazi, lakini kwa maana hiyo mpya hahesabiwi kuwa ameajiriwa. Ukitumia maana ya kale kwa sensa moja na mpya kwa nyingine, utatangaza kwamba kijiji kizima kimepoteza ajira, na jembe halijaanguka hata mara moja.

Utaniambia haya yote yako kwenye nyaraka za KNBS, ofisi ya taifa ya takwimu. Mengi yako kweli. Hazina yao ya data, KeNADA, imepanga maelezo ya tafiti na sensa kwa DDI, mfumo wa kimataifa wa kuandika maelezo ya data, na ukiupata muda usome jinsi wanavyoeleza kila kigeu, yaani kila safuwima ya data. Mimi nilijifunzia pale. Usisahau pia kwamba matokeo ya 2009 ya wilaya 8 za kaskazini, za Turkana, Mandera, Wajir na Lagdera, yalikataliwa na serikali mwaka 2010. Anayefanya utafiti wa ajira kaskazini bila kuliandika hilo ukurasa wa kwanza anawakosea watu wa kaskazini. Lakini nyaraka zao zinaeleza walichokifanya wao. Ulichokifanya wewe baada ya kupakua hakuna ofisi itakayokuandikia.

Jingine ni amana. Majina yameondolewa katika mafaili haya, ndiyo, ila tarafa ndogo yenye mwalimu mmoja wa kike wa umri fulani bado ina mtu mmoja. Ulipoomba data uliweka sahihi kwamba hutamtafuta wala hutampa mtu mwingine faili. Usilitume kwa WhatsApp kwa rafiki. Usiliweke kwenye flashi inayozunguka darasani. Mama wa mtu yumo humo.

Mwezi uliopita mtafiti mmoja wa Kisumu, ambaye hatujawahi kuonana, aliomba programu na maelezo yangu ya wilaya na kaunti. Nikampa, bila data. Data alikuwa ameiomba mwenyewe. Baada ya wiki moja aliniandikia kwamba amepata majedwali yangu yote kumi na manne, namba kwa namba, na hakuhitaji kuniuliza swali. Nilisoma ujumbe ule mara tatu. Nasema kwa kujivuna na sioni haya: jedwali la tano kati ya hayo ni la Kiambu na Murang'a.

Msichana wangu wa uzamili alinijibu asubuhi. Hakuuliza lolote kuhusu programu. Aliniambia amefungua faili la 1999, amechuja wilaya ya Thika, ameorodhesha tarafa, na Gatanga ameiona. Sasa yuko njiani kwenda mjini kununua daftari.