Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Timu Inamuuza Mchezaji Wake Bora?

SWALI LA KWANZA

Ndugu Mhariri, mimi ni mzee wa miaka 63, mkazi wa Pasua hapa Moshi, na ni mwanachama wa Yanga tangu ujana wangu. Kila tunapompata mchezaji anayetukosha roho, viongozi wanamuuza. Mshambuliaji wetu Fiston Mayele aliondoka mwaka 2023, mara tu baada ya kutufikisha fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, na kiungo wetu Aziz Ki naye akaenda Morocco mwaka 2025. Vijana ninaotazama nao mpira wananiambia kwamba ni biashara, lakini hakuna anayeweza kunieleza biashara hiyo inakwendaje. Ni mfugaji gani mwenye akili timamu anayemuuza ng'ombe anayetoa maziwa mengi kuliko wote zizini?

JIBU

Shikamoo mzee wangu. Nianze na huyo ng'ombe, kwa sababu ndiye anayewapotosha mashabiki wengi. Ng'ombe ni mali ya mwenye zizi: akizaa, ndama ni wake, na akifa, hata ngozi ni yake. Mchezaji hayuko hivyo. Timu haimmiliki Mayele wala Aziz Ki. Inachomiliki ni miezi iliyobaki kwenye mkataba wake, na miezi hiyo hupungua kila mwezi unapoandama, awe anafunga mabao au yuko nyumbani anauguza goti.

Mfano unaofaa zaidi uko jirani na kwako, kwenye majaruba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni. Mtu akikodi jaruba kwa misimu minne, akalisawazisha na kulitia mbolea hadi likawa linatoa mpunga kuliko majaruba ya jirani, anaweza kutokea mkulima mwingine akamwambia amwachie misimu miwili iliyobaki kwa bei inayozidi kodi yote aliyoilipa mwanzoni. Akikubali, anaondoka na fedha mkononi. Akikataa, atavuna misimu yake miwili, kisha mwenye shamba atalichukua jaruba lake, na kazi yote ya kulirutubisha haitamlipa hata senti moja. Katika mpira wa miguu, mwenye shamba ni mchezaji mwenyewe.

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Mkataba ulipokwisha, timu iliendelea kumshikilia mchezaji mpaka ilipwe ada. Mbelgiji Jean-Marc Bosman alimaliza mkataba wake na RFC Liège mwaka 1990, akataka kwenda kucheza Dunkerque nchini Ufaransa, na timu yake ikamwekea bei ambayo ilikwamisha safari hiyo. Alikwenda mahakamani, na tarehe 15 Desemba 1995 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kwamba mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha anaondoka bila ada. Leo kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji kusaini na timu nyingine pindi mkataba wake unapobakiza miezi sita, wakati bado anavaa jezi ya timu ya sasa. Kwa hiyo bei hubadilika kadiri muda unavyopita. Mkataba ukiwa na miaka mitatu, muuzaji ndiye anayepanga bei. Ukibakiza mwaka mmoja, mnunuzi anaanza kujivuta na kupunguza dau, na ukibakiza miezi sita, mnunuzi mwenye subira hana sababu ya kulipa chochote. PSG ya Ufaransa, iliyomchukua Kylian Mbappé kutoka Monaco kwa takriban yuro milioni 180, ilimtazama akienda Real Madrid mwaka 2024 bila kupokea ada yoyote. Robert Lewandowski aliondoka Dortmund kwenda Bayern mwaka 2014 kwa njia hiyo hiyo.

Najua swali linalofuata: kwa nini timu isimwongezee mkataba mapema? Hapa ndipo penye ugumu, kwa sababu mkataba husainiwa na pande mbili, na mchezaji aliye kwenye ubora wake wa juu kabisa ndiye mwenye sababu ndogo kuliko wote ya kusaini. Wakala wake anamweleza kwamba akisubiri na kuondoka akiwa huru, sehemu ya fedha ambazo mnunuzi angeilipa timu zitaingia mfukoni mwake kama fedha za usajili na mshahara mnono. Timu nyingi za Misri, Morocco na nchi za Ghuba zinaweza kumlipa mshahara ambao timu zetu haziufikii, na hata kama uongozi ungejikamua umpe nyongeza kubwa, wiki inayofuata wachezaji wengine wanane wangekuwa mlangoni kwa katibu wakidai na wao wafikiriwe. Ukimlazimisha mtu kubaki, nalo lina gharama yake. Mgogoro wa Feisal Salum, kiungo aliyetaka kuondoka Yanga, ulioanza Desemba 2022 uliwachosha mashabiki na viongozi kwa miezi kadhaa, ingawa kwa mujibu wa maamuzi yaliyotolewa aliendelea kuwa mchezaji wa Yanga. Mwisho aliuzwa Azam Juni 2023, na msimu uliofuata akafunga mabao 19 ya ligi.

Kuna sababu nyingine ambayo shabiki haioni kwa sababu iko kwenye vitabu vya mhasibu. Tuseme timu imemnunua kiungo kwa shilingi milioni 400 kwa mkataba wa miaka minne. Mhasibu haandiki gharama yote mwaka wa kwanza. Anaigawa, milioni 100 kila mwaka. Baada ya miaka miwili kiungo huyo amebaki na thamani ya milioni 200 vitabuni, na akiuzwa kwa milioni 350 timu inaandika faida ya milioni 150, ingawa shabiki wa kawaida ataapa kwamba imekula hasara ya milioni 50. Kijana aliyekulia kwenye timu hakununuliwa, kwa hiyo thamani yake vitabuni ni sifuri na bei yote inaandikwa kama faida. Hiyo ni sababu mojawapo iliyotajwa Chelsea ilipomuuza Mason Mount kwa Manchester United mwaka 2023 na Conor Gallagher kwa Atlético Madrid mwaka 2024, wote wawili wakiwa watoto wa nyumbani, jambo ambalo kwa mtazamo wangu linauma kuliko kumuuza mgeni.

Nottingham Forest walijifunza kwa uchungu jinsi kalenda ya mhasibu isivyojali busara ya sokoni. Kanuni za Ligi Kuu ya Uingereza za wakati huo ziliweka kikomo cha hasara, na mwaka wa hesabu wa Forest ulifungwa tarehe 30 Juni 2023. Walikuwa na Brennan Johnson, mshambuliaji waliyemlea wenyewe, wakaamua kusubiri bei nzuri zaidi, na kweli waliipata: Tottenham walimchukua tarehe 1 Septemba kwa takriban paundi milioni 47. Lakini fedha hizo ziliingia kwenye mwaka uliofuata. Forest walijitetea kwamba kuuza kwa bei nzuri ndio usimamizi mwema, utetezi ukakataliwa, na Machi 2024 wakakatwa pointi nne. Ukisikia timu ya Ulaya imemuuza mtu wake wiki ya mwisho ya Juni kwa bei inayoonekana ya kutupa, angalia kwanza mwaka wao wa hesabu unafungwa lini kabla hujamlaumu kocha.

Sasa nirudi Jangwani, kwenye makao ya Yanga yenu. Kumuuza nyota si kosa kwa lenyewe, na uamuzi hupimwa kwa kile kilichofuata. Yanga ilimpata Mayele kutoka AS Vita ya Kongo mwaka 2021, akaibuka mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho msimu wa 2022/23 kwa mabao saba, akauzwa Pyramids ya Misri. Msimu uliofuata bila yeye, Yanga ilichukua tena ubingwa, Aziz Ki akafunga mabao 21 ya ligi, na timu ikafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, ambako iliondolewa na Mamelodi Sundowns kwa penalti. Mayele naye alitwaa Ligi ya Mabingwa na Pyramids mwaka 2025. Hapo sioni aliyepunjwa.

Linganisha na majirani zenu wa Msimbazi. Agosti 2021 Simba, iliyokuwa bingwa mara nne mfululizo, ilimuuza Luis Miquissone kwa Al Ahly ya Misri na Clatous Chama kwa RS Berkane ya Morocco katika dirisha moja la usajili. Kila mauzo peke yake yaliweza kutetewa, lakini ubunifu wa mbele ulikuwa umewategemea watu hao wawili, na pengo lao halikuzibwa kwa wakati. Chama alirudishwa Januari 2022, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika: Yanga ilichukua ubingwa wa msimu huo bila kupoteza mchezo. Liverpool, kinyume chake, ilimuuza Philippe Coutinho kwa Barcelona Januari 2018, mwezi ule ule ikamleta beki Virgil van Dijk, na katika kiangazi chao ikamnunua kipa Alisson. Nakiri kwamba Coutinho alipoondoka nilinung'unika kama unavyonung'unika wewe. Mwaka 2019 Liverpool wakachukua Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, nami nikanyamaza.

Yapo pia mauzo ya kipuuzi, mzee wangu, wala sitaki nikuache ukidhani kila uongozi una hesabu nzuri nyuma ya pazia. Chelsea iliwaachia Kevin De Bruyne na Mohamed Salah kwa sababu kocha hakuwapa dakika za kutosha, na mchezaji asiyecheza haonyeshi thamani yake. AC Milan ilimwacha Andrea Pirlo aende Juventus bure mwaka 2011, akiwa na miaka 32, ikidhani amekwisha. Juventus ikachukua ubingwa wa Italia misimu yote minne aliyokaa naye.

SWALI LA PILI

Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Sakina, Arusha. Mwanangu anafuatilia michezo ya Marekani na anasema kule timu hubadilishana wachezaji kama watu wanavyobadilishana mbuzi. Kwa nini huku kwetu haifanyiki?

JIBU

Mwanao hajakosea sana, mama. Katika ligi ya mpira wa Kimarekani, NFL, mkataba wa mchezaji unaweza kuhamishiwa timu nyingine bila yeye kuulizwa, isipokuwa kama kipengele cha kuzuia hilo kimeandikwa, na malipo makubwa huwa ni zamu za kuchagua vijana wapya wanaotoka vyuo vikuu. Mwaka 1989 Dallas Cowboys ilimtoa nyota wake Herschel Walker kwa Minnesota Vikings, ikapokea wachezaji na rundo la zamu hizo, na katika miaka ya 1990 ikawa bingwa mara tatu. Katika mpira wetu mchezaji lazima akubali timu mpya na mshahara mpya, hivyo kubadilishana kunahitaji watu wawili waridhike kwa wakati mmoja, na hilo ni adimu. Lilitokea mwaka 2009, Barcelona ilipomtoa Samuel Eto'o pamoja na mamilioni ya yuro kwa Inter ili impate Zlatan Ibrahimović. Eto'o alikuwa ametoka kufunga kwenye fainali ya Ulaya, lakini mkataba wake ulikuwa umebakiza mwaka mmoja. Mwaka 2010 Inter iliitoa Barcelona nusu fainali ya Ulaya na kuchukua kombe.

SWALI LA TATU

Ninafundisha timu ya watoto Unga Limited, Arusha. Kijana wetu mmoja alikuja akiwa na miaka 12, tukamlea hadi alipofikisha 16, akachukuliwa na timu ya Dar es Salaam. Sasa tunasikia anatakiwa nje ya nchi. Je, sisi tutapata chochote, au ndio ahsante ya punda?

JIBU

Kocha, haki ipo, lakini ina masharti. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, FIFA inaagiza asilimia 5 ya ada igawiwe timu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Miaka minne ya mwanzo, yaani 12 hadi 15, kila mwaka hubeba asilimia 0.25 ya ada yote, na kuanzia 16 kila mwaka hubeba asilimia 0.5. Akiuzwa kwa shilingi bilioni moja, miaka yenu minne ni shilingi milioni 10. Fedha hizo ni kidogo ukizilinganisha na bei yake, lakini kwa timu inayofanya mazoezi kwenye uwanja wa vumbi zinanunua jezi na mipira ya miaka kadhaa.

Zingatia, hata hivyo, kwamba asilimia 5 ya sifuri ni sifuri. Kijana huyo akikaa Dar hadi mkataba umalizike na kuondoka akiwa huru, mgawo huu haupo. Inaweza kubaki fidia ya mafunzo, ambayo ina kanuni zake na kikomo chake cha umri wa miaka 23. Mzee wetu wa Pasua anaomba nyota wasiuzwe. Wewe una kila sababu ya kuomba wa kwako auzwe mapema, na auzwe ghali.

Sharti kubwa ni kumbukumbu. Tangu Novemba 2022 FIFA hupitisha malipo haya kwenye kituo chake cha malipo kilichoko Paris, na kituo hicho husoma pasipoti ya mchezaji, yaani orodha ya timu alizosajiliwa rasmi mwaka kwa mwaka. Timu ambayo haikuwa mwanachama wa chama cha mpira, au iliyomchezesha kijana bila kumsajili, haionekani kwenye orodha hiyo hata kama mtaa mzima unajua ni nani aliyemfundisha kupiga krosi. Nenda chama cha mpira cha wilaya na cha mkoa ukiwa na fomu zake za usajili wa misimu yote minne, uhakikishe zimeingizwa kwenye mfumo wa shirikisho kabla dirisha la usajili halijafunguliwa. Na kijana mwingine akichukuliwa, usimwachie kwa mdomo: andikeni kwenye barua ya kumruhusu kwamba mtapata asilimia fulani ya mauzo yake ya baadaye, pande zote mbili zisaini, na nakala moja ibaki kwako.